Swali Alilorudi Nalo Binti Yangu

Kanisa letu hapa Chake ni dogo. Jumapili ya mvua tunajaza mabenchi ya mbele tu, na wengi wetu ni watu wa kuja: askari, manesi, walimu na mafundi waliohamishiwa Pemba, pamoja na wake zao. Mimi nilikuja kwa njia hiyo hiyo, nikimfuata mume wangu ambaye ni fundi umeme. Nashona sare za shule nyumbani kwetu, mtaa wa Madungu, na Jumapili nafundisha watoto Sunday school kwenye kibaraza cha nyuma ya kanisa. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu pekee, alikua kwenye kibaraza hicho. Kila alichokijua juu ya Mungu alikisikia kinywani mwangu kwanza. Naliweka hilo mbele, maana mtu asipolijua hataelewa moto ulioniwaka baadaye.

Alipokuwa kidato cha kwanza, mchungaji alitangaza kwamba likizo ya Juni kutakuwa na kambi ya vijana huko Unguja, watoto walale kwenye mahema, wajifunze Neno, wacheze, waogelee. Binti yangu alinishika mkono pale pale kanisani. Mimi ndiye niliyemshonea begi la nguo, mimi nikamwandikia jina kwenye kikombe chake, na mimi ndiye niliyemwombea alfajiri alipoondoka. Baba yake alimbebea begi hadi barabarani.

Mume wangu ni mtu wa kanisani, lakini si mtu wa kusali kwa sauti. Tangu tuoane nilikuwa nikimwomba tuwe na ibada nyumbani, japo dakika chache kabla ya kula. Nilimwomba kwa upole. Nilimwomba kwa kununa. Kuna mwaka nilimwomba kupitia kwa mchungaji. Jibu lake lilikuwa moja: "Sali wewe, mwenzangu. Mimi nitaitikia amina." Nikazoea kusali peke yangu mezani, nikisikia amina yake ikitoka chini chini kama mtu anayesafisha koo.

Siku ya kumpokea mtoto nilifika bandari ya Mkoani mapema kuliko boti. Nilikaa gatini nikiwatazama watu wa kisiwa cha Makoongwe wakipakia magunia ya unga na madumu kwenye mashua zao, wakigombana juu ya nani akae wapi. Boti ilipofunga, nilimwona binti yangu anateremka akiimba wimbo nisioujua, yeye na mtoto wa nesi mmoja wa kanisani kwetu, wakipiga makofi kwa mtindo nisioujua pia. Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua.

"Shikamoo mama," alisema, akanikumbatia. Kisha, kabla sijamuuliza kama amekula: "Dada wa kambi anakusalimu."

"Dada gani?"

"Dada wa hema letu. Anasoma chuo kikuu. Mama, ungemwona!"

Njia nzima hadi Chake nilimwona, nipende nisipende. Dada wa kambi anasema Mungu si askari wa doria. Dada wa kambi anasema ukiwa na hasira umwambie Mungu hasira yako vile vile ilivyo. Mambo yale nilikuwa nimeyafundisha mimi, mengine kwa maneno hayo hayo, miaka mingi, juu ya kibaraza, huku yeye akichezea kamba ya kiatu chake. Nikamwambia, "Hilo nilikufundisha ukiwa na miaka saba." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kweli, mama? Mbona silikumbuki?"

Jioni ile nilipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, chakula anachokipenda. Tulipokaa mezani nilifumba macho nianze kusali kama siku zote, na yeye akaniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Subiri, mama. Kambini walitupa kazi. Ukifika nyumbani uwaulize wazazi wako swali moja, halafu msali pamoja."

"Swali gani?" aliuliza baba yake.

"Mara ya kwanza kabisa ulipomwomba Mungu wewe mwenyewe, bila mtu kukuambia, uliomba nini?"

Alianza na mimi, na nilijibu haraka. Nilikuwa nalo jibu, mimi ni mwalimu: nilimwomba Mungu nifaulu darasa la nne, nikafaulu. Binti yangu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akamgeukia baba yake. Mimi nilichukua upawa nianze kupakua, maana nilijua yatakayofuata. Angesema, "Muulize mama yako, yeye ndiye anayejua mambo hayo."

Hakusema hivyo. Aliisogeza kando sahani yake tupu. Kisha akasema:

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Kwetu bara, kijijini. Mama yangu alishikwa na uchungu, baba hayupo, nikatumwa kumwita mkunga. Kulikuwa na mto katikati, umejaa. Nikavuka. Nilipokuwa ndani ya maji nikasema, Mungu, mama yangu asife. Nilisema hivyo tu, mara nyingi, mpaka nikafika ng'ambo."

"Bibi hakufa," alisema binti yangu. Bibi yake yuko hai mpaka leo.

"Hakufa. Mtoto ndiye aliyekufa." Alipangusa meza kwa kiganja chake, mahali palipokuwa safi. "Sikumtaja. Niliomba mama asife, na yule mtoto sikumtaja hata mara moja. Nilikuja kukumbuka baadaye. Tangu hapo naogopa kusali. Naogopa nitamsahau mtu."

Nilikuwa nimeshika upawa hewani. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote hii. Najua anakunywa chai bila sukari akiwa na mawazo, najua bega lipi linamuuma kwa kupanda nguzo. Sikujua kwamba kulikuwa na mto, wala mtoto.

Binti yangu hakulia wala hakusema maneno makubwa. Alisema, "Basi baba, leo sali taratibu. Tutakusubiri. Ukimsahau mtu, tutakukumbusha."

Akasali. Mume wangu akasali kwa sauti, nyumbani mwangu, kwenye meza yangu. Alimtaja mama yake, akawataja dada zake mmoja mmoja, na jirani yetu na wanawe, na mafundi wenzake, hata yule mzee anayetuletea kuni. Akamtaja binti yake. Akanitaja mimi, baada ya mzee wa kuni. Kisha akanyamaza, nasi tukasubiri kama tulivyoahidi.

"Na yule mtoto," akasema. "Amina."

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Mwanamke aliyeomba jambo miaka yote, akalipata, anatakiwa afurahi. Nilipakua wali nikigonga upawa kwenye sahani, na shukrani sikuwa nayo. Nilikuwa najiuliza: kwa nini yeye? Kwa nini msichana wa chuo kikuu, ambaye hajui hata kupika ugali labda, awape watoto swali moja na mume wangu afunguke kama ganda la njugu, na mimi niliyebisha mlango ule mpaka vidole vikauma nisifunguliwe?

Asubuhi, alipokuwa akifunga viatu aende kazini, nilimuuliza. "Mbona mimi hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza miaka yote kwa nini husali!"

Aliinua uso. Hakuwa na hasira. "Hilo halikuwa swali, mwenzangu. Hilo lilikuwa shitaka."

Akaondoka. Mimi nikakaa kwenye cherehani nikashona kola upande usio wake, ikabidi nifumue.

Ibada ile ikawa ya kila jioni. Binti yetu analeta wimbo, baba yake anasali sala yake ndefu ya kuwataja watu, na mimi, mwalimu, nasoma mstari mmoja tu na kuitikia amina. Wakati mwingine baada ya kula wale wawili walitoka kukaa barazani, na kupitia dirishani nilisikia anamuuliza baba yake maswali mengine, naye anajibu. Nikitoka na chai, wanajisogeza kunipa nafasi, kwa heshima, kama wanavyompa mgeni.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Dada wa kambi alikuwa amefungua kundi la simu kwa wasichana wa hema lake, na kwa kuwa binti yangu hana simu, aliniunganisha mimi. Kwa hiyo ujumbe wa sauti wa yule dada ulikuwa ukiingia kwenye simu yangu mwenyewe, wakati mwingine nikiwa katikati ya kupima mteja kiuno. Sauti nyembamba, ya furaha: "Wanangu wapendwa, mmeamkaje?" Wanangu! Hajawahi kuamka na mtoto mwenye degedege, hajawahi kuosha nepi, na anasema wanangu ndani ya simu niliyoitia vocha mimi.

Jirani yetu aliniona nimenuna. Ni Mpemba wa hapa hapa, mama wa wavulana wanne na msichana mmoja, na kila siku baada ya laasiri hugeuza karafuu zake zilizoanikwa kwenye majamvi, nami hukaa naye kidogo tukazungumza.

"Weye wanuna nini, shoga? Ntoto mzima karudi, mume nae siku hizi namsikia ukutani asali. Mie nikidhani mna mgeni."

Nikamweleza. Nilidhani atanionea huruma. Alicheka mpaka akashika jamvi.

"Weye mshukuru Mungu! Wangu wale wanne wakitoka chuo cha Kurani waniletea mpira. Na huyu wa kike, wajua alonifanyia? Ustadhi wake kamfunza kusoma vizuri, basi siku moja nasali, mawifi zangu wapo, ntoto akanisahihisha Alhamdu. Mie! Ile Alhamdu nilomfunza mwenyewe!"

"Ukafanyaje?"

"Nikaona haya, nikakasirika, nikampa maneno makali. Kisha nikamwita chumbani nikamwambia, haya nisomee nisikie." Aligeuza kiganja kizima cha karafuu. "Lakini yule ustadhi wake mpaka leo nikipishana nae njiani roho yanikereketa."

Nilicheka siku ile, lakini wivu haukutoka. Uliingia tu ndani zaidi, ukakaa.

Disemba ujumbe ulikuja kwamba dada wa kambi anakuja Pemba kuwatembelea watoto wa makanisa yetu, na mchungaji akaomba Jumapili ile ale kwetu. Binti yangu alifagia uwanja mara mbili. Alifua mapazia. Alifanya mazoezi ya wimbo wa kambi akiwa anateka maji, akiwa anaosha vyombo, akiwa amelala kifudifudi kitandani. Akaniuliza kama anaweza kuvaa gauni lake la Krismasi kabla ya Krismasi. Nikamruhusu, na nikalipiga pasi mwenyewe, nikilikandamiza kuliko lilivyohitaji.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kupenya. Aliyeingia nyumbani kwetu baada ya ibada, pamoja na mke wa mchungaji, alikuwa msichana mwembamba mwenye chunusi kwenye paji la uso, bado amepauka kwa kichefuchefu cha boti ya jana. Ndara yake moja ilikuwa imefungwa kwa uzi. Aliniamkia shikamoo kwa magoti yaliyopinda vizuri. Nilimtafuta yule adui yangu ndani yake, sikumwona.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono nyuma, anangoja zamu yake.

"Jamani, mpendwa wangu!" dada alisema, akamvuta kifuani. "Na mguu? Umepona?"

Binti yangu hakuwahi kuumia mguu.

"Si mimi," alisema taratibu. "Aliyeteguka mguu alikuwa yule wa Dar es Salaam."

"Ah! Wewe ndiye uliyekuwa ukiogopa giza."

"Hapana, dada."

Dada alimshika shavu. "Nisamehe, mpenzi. Mlikuwa wengi, na mwezi wa nane nilikuwa na kambi nyingine."

"Haina neno," alisema binti yangu, akaenda kuleta maji ya kunawa.

Nitasema ukweli ulivyokuwa. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Nilichokitaka kimoyomoyo tangu Juni kilikuwa kimeletwa nyumbani kwangu, bila mimi kuinua hata kidole. Kisha mtoto akarudi na beseni na birika, na nikaona jinsi alivyokuwa akimmwagia mgeni maji mikononi bila kumtazama usoni, shingo imekakamaa ndani ya lile gauni la Krismasi. Furaha yangu ikageuka ikawa kitu kichungu mdomoni. Ningempa yule msichana kumbukumbu zangu zote za mtoto yule, moja moja, ili amtambue.

"Huyu ndiye aliyetuletea lile swali," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Swali lipi, mama?"

"La kuwauliza wazazi. Mara ya kwanza uliomba nini."

Dada aliacha kunawa. "Mlilifanya? Kweli? Tunawapa kila kambi, lakini wengi wakifika nyumbani linaishia kwenye begi."

Mume wangu, ambaye mbele ya wageni huongea akiulizwa tu, alisema, "Tunasali kila jioni. Tangu aliporudi. Yeye ndiye aliyetuanzisha." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

Yule msichana alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza niliona anamtazama binti yangu sawasawa. "Mimi mwenyewe nilimuuliza baba yangu," alisema. "Kwa simu. Akaniambia yuko kazini, atanipigia." Alifuta mikono kwa taulo. "Bado sijapigiwa."

Mke wa mchungaji akasema tule kabla chakula hakijapoa, na tukala. Dada alikula mkate wa kumimina alioutuma jirani, akaongeza na mara ya pili. Wimbo haukuimbwa. Hakuna aliyeuomba, na binti yangu hakujitolea.

Wageni walipoondoka nilimkuta uani anaosha vyombo akiwa bado na gauni lile, amelikunja kiunoni. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha.

"Nilidhani ananijua," alisema.

Maneno yalinijaa mdomoni. Mimi ndiye ninayekujua. Mimi nilikuzaa. Nilikuwa nayo na mengine yanayofanana nayo, yamepangwa tangu Juni. Nikakumbuka tofauti ya swali na shitaka, nikayameza.

"Kule kambini," nilimuuliza, "ulipokuwa peke yako, uliomba nini?"

Alisugua sufuria kwa muda mrefu. "Niliomba nisikumbuke nyumbani."

"Ukajibiwa?"

"Mchana ndiyo." Alipitisha mkono wenye povu kwenye pua. "Wakati wa kula sikujibiwa. Pale mtu anapotaka kusali, kila siku nilisikia sauti yako unavyoanza. Wengine wote walikuwa wanaanza vibaya."

Nilikausha sahani moja mpaka ikalia.

Jioni ile hakutuita kwenye ibada. Alikaa mezani akichezea kijiko. Baba yake akasubiri, akasubiri, kisha akasema, "Haya, tufumbe macho," akaanza mwenyewe. Orodha yake ilikuwa imerefuka siku hizo. Alimtaja dada wa kambi, akaomba boti ya kurudi isimtese, na akaomba baba wa yule dada apige simu. Nilifungua jicho moja. Binti yangu alikuwa amekaza midomo, lakini kwenye amina aliitikia, na sauti yake ikatoka nzima.

Mwaka uliofuata aliomba kwenda tena. Nilidhani hatataka. "Si kwa ajili yake," alisema, "kwa ajili ya kambi." Sasa na mimi nawapa watoto wangu wa kibarazani swali moja la kupeleka nyumbani kila wiki, na akina mama wawili wamekuja kuniambia mambo waliyoyasikia kwa waume zao. Mmoja alikuja amefurahi. Mwingine alikuja amenuna, na huyo ndiye niliyekaa naye zaidi.

Katikati ya kambi ile ya pili simu yangu ililia wakati napepeta mchele. Ilikuwa namba ya dada wa kambi lakini sauti ya binti yangu, na nyuma yake kelele za watoto wanaocheza mpira.

"Mama, shikamoo. Mama, hamjambo? Mimi mzima. Tumepewa kazi mpya."

"Marahaba, mwanangu. Kazi gani?"

"Swali. Ni zuri sana, mama, siwezi kungoja mpaka nirudi." Alikuwa akihema, kama mtu aliyekimbia kuja kwenye simu. "Baba yupo? Mpe baba simu."

Nilimpelekea baba yake simu. Alikuwa barazani anarekebisha feni ya jirani. Alifuta mikono, akaipokea, akageuka upande wa barabara ili asikie vizuri. Mimi nilirudi jikoni kwenye ungo wangu, nikapepeta pole pole sana, nisije nikakosa neno.